Kibao kile hakikuvunjwa, kilitiwa mkobani

*"Mimi ni mwalimu wa historia na ninasimamia klabu ya filamu shuleni. Mwezi uliopita tulitazama Hidden Figures. Pale bosi mzungu anapovunja kibao cha choo cha weusi, wanafunzi wote walipiga makofi. Baadaye nikasoma kwamba tukio hilo halikutokea kabisa, nikajiona kama nimewadanganya watoto wa watu. Kisha tukatazama 12 Years a Slave. Mvulana mmoja akasema hapo hakuna suala la wanawake, watumwa wote waliteswa, tusichanganye mambo. Na kwenye tukio la Patsey kuchapwa, binti mmoja wa miaka 16 alinyanyuka akatoka, na tangu siku hiyo haji klabu. Filamu hizi zinafundisha au zinapotosha? Niache kuzionyesha?"*

Mwalimu wangu, jipunguzie lawama. Kazi yangu ni kuzichambua filamu za aina hii, na hata hivyo mara ya kwanza nilipoliona tukio la kibao mikono yangu ilishaanza kukutana. Limetengenezwa ili upige makofi. Lakini ulichosoma ni kweli. Bosi yule, Al Harrison, ni mtu wa kubuni aliyeundwa kwa kuchanganya wakubwa kadhaa wa NASA, shirika la anga la Marekani. Na Katherine Johnson, mpiga hesabu mweusi wa NASA ambaye ndiye mhusika mkuu wa filamu, hakuwa akikimbia na mafaili kifuani kutafuta choo cha weusi. Mwenyewe alisimulia kwamba alitumia choo kilichokuwa karibu, kisichokuwa na kibao chochote, na hata ilipokuja kulalamikiwa hakujali, akaendelea kukitumia.

Aliyekosa choo ni mwenzake, Mary Jackson. Alitumwa kufanya kazi upande wa mashariki wa kituo cha Langley, jimbo la Virginia, akawauliza wanawake wazungu choo kiko wapi. Wakamcheka. Wao watajuaje choo chake yeye kilipo? Filamu ikaichukua dharau hiyo, ikamvisha Katherine, ikairefusha ikawa mbio za kila siku, na mvua ikaongezwa juu yake.

Filamu ikihamisha kisa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, mimi naisamehe. Saa mbili hazitoshi miaka 20, lazima mambo yakunjwe. Ndiyo maana filamu inamwonyesha Dorothy Vaughan mwaka 1961 akibembeleza apewe cheo cha usimamizi, wakati katika maisha yake alikuwa ameanza kuongoza kitengo cha wapiga hesabu weusi tangu 1949, na kitengo chenyewe kilivunjwa 1958. Ndiyo maana pia Mary Jackson wa kwenye filamu bado anapigania kuwa mhandisi, ilhali wa kweli alishakuwa mhandisi mwaka huohuo wa 1958. Tarehe zinasogezwa ili mambo yaanguke kwenye msimu mmoja. Mwanafunzi akishaambiwa, inatosha.

Nisichokisamehe kirahisi ni kibao. Kwa sababu kibao kilikuwepo, na aliyekiondoa tunamjua.

Miaka ya 1940, kwenye mkahawa wa Langley kulikuwa na meza yenye kibao kidogo kilichoonyesha kwamba hapo ndipo watakapokaa wapiga hesabu "wa rangi". Enzi hizo kompyuta alikuwa mtu: mwanamke mwenye penseli, karatasi na mashine ya kujumlisha. Mmoja wao aliitwa Miriam Mann. Siku moja akakichukua kile kibao, akakitia mkobani, akaondoka nacho. Baada ya siku chache kikawekwa kingine. Akakibeba nacho. Mumewe akamwonya kwamba watamfukuza kazi kwa ajili ya kibao, naye akajibu kuwa basi, itabidi wamfukuze. Mchezo huo uliendelea kwa muda, kibao kinarudi, Miriam anakibeba, mpaka siku moja kikaondoka na hakikurudi tena.

Sasa uyaweke matukio mawili mezani. Kwenye moja, mwanamke mweusi, mkoba, ukimya, na mshahara wa nyumba nzima ukiwa hatarini. Kwenye jingine, mwanamume mzungu mwenye chuma mkononi, mara moja, mbele ya umati, na hakuna wa kumfukuza. La kwanza limo kwenye kitabu ambamo filamu ilitolewa. La pili lilibuniwa. Waliokaa kuandika skripti walikuwa na mwanamke aliyejitendea, wakaona mtazamaji ataelewa vizuri zaidi akiwekewa mwanamume wa kumtendea.

Kwa hiyo swali lako la "ni kweli au uongo" ni zuri, lakini ongezea jingine ambalo wanafunzi wanaweza kuliuliza mbele ya filamu yoyote ya historia: chuma kimeshikwa na nani? Ni nani anayefanya jambo, na ni nani anasimama pembeni akisubiri kufanyiwa? Ukilishika swali hilo utaona jinsi ubaguzi unavyoonyeshwa kuwa tabia ya mtu mbaya mmoja, ambayo hutibiwa na mtu mwema mmoja. Mbaya ananyamazishwa, mwema anatoa hotuba, muziki unapanda. Sheria, mishahara na kanuni za ajira, ambazo ndizo zilizofanya kazi kubwa, hazina sura ya kupigwa picha, kwa hiyo hazionekani.

Hapo tunamfikia mvulana wako. Usimkemee. Anachosema ndicho wanachosema watu wazima wengi, na kina nusu ya ukweli ndani yake: ni kweli watumwa wote waliteswa. Kilichomponyoka ni kwamba mfumo wenyewe uliwatenganisha wanawake na wanaume kwa maandishi, tena mapema sana.

Mwaka 1662, bunge la koloni la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, baba awe nani. Mwambie mvulana akae na sheria hiyo dakika moja. Kwa Waingereza mtoto alifuata ukoo wa baba, ila hapa waliugeuza utaratibu wao wenyewe. Maana yake ni kwamba mmiliki akimbaka mtumwa wake, mtoto anayezaliwa ni mali yake. Kosa linamwongezea utajiri. Tumbo la mwanamke mweusi liliingizwa kwenye hesabu za shamba, jambo ambalo mwili wa mwanamume mtumwa, pamoja na mateso yake yote, haukufanyiwa kwa namna hiyo.

Na mahakama je? Mwaka 1855, Missouri, msichana mtumwa aliyeitwa Celia alimuua mmiliki wake, Robert Newsom, aliyekuwa akimbaka tangu alipomnunua akiwa na miaka ipatayo 14. Jimbo hilo lilikuwa na sheria iliyomlinda "mwanamke yeyote" dhidi ya kuingiliwa kwa nguvu. Mawakili wake wakashikilia maneno hayo mawili: yeyote ni yeyote. Jaji akakataa baraza la wazee wa mahakama, wanaume weupe watupu, waelekezwe hivyo. Celia alinyongwa Desemba 21 mwaka huo. Kama mwanamke, sheria ilipaswa kumlinda, na kama mtumwa haikumhesabu kuwa mwanamke.

Ukishapita hapo, rudi kwa Patsey. Solomon Northup, mtu mweusi huru aliyetekwa akauzwa utumwani, ambaye kitabu chake cha 1853 ndicho kilichozaa filamu ile, anaeleza kwamba Patsey alikuwa mchumaji pamba hodari kuliko wote pale shambani Louisiana. Kuchuma ratili 500 kwa siku kwake halikuwa jambo la ajabu, karibu kilo 227, wakati kipimo cha kawaida kilikuwa ratili 200. Bwana wake, Epps, anamtamani na kumbaka. Bibi wa nyumba analijua hilo, na hasira yake haimwendei mumewe, inamshukia Patsey. Anamnyima sabuni. Wengine wanapewa, yeye hapewi. Patsey anakwenda shamba la jirani kuomba kipande cha sabuni, na kwa ajili ya safari hiyo anafungwa na kuchapwa mpaka ngozi inachanika.

Sabuni, mwalimu. Ningekuwa na kipindi kimoja tu cha dakika 40, ningekitumia chote kwenye kipande kile cha sabuni. Ndani yake yamo yote mawili, ubaguzi wa rangi na ubaguzi wa kijinsia, na huwezi kuutoa mmoja ukaacha mwingine. Mwanamume mtumwa asingenyimwa sabuni na bibi mwenye wivu. Mwanamke mzungu asingechapwa kwa kuiomba. Filamu hapo imefanya kazi nzuri kabisa, na Lupita Nyong'o hakuipata Oscar ile ya 2014 kwa bahati.

Hata hivyo kuna sehemu imemwonea. Kwenye filamu, Patsey anamwendea Northup usiku na kumsihi amuue. Kitabuni, anayemshawishi Northup kwa hongo amuue Patsey kwa siri na kumzika kando ya kinamasi ni bibi Epps. Mtu aliyekuwa akitafutiwa kifo amegeuzwa akawa anakitafuta mwenyewe. Ni mabadiliko ya dakika chache, lakini yanauondoa uovu mkononi mwa mwanamke mwenye nguvu na kuuweka kama kukata tamaa kifuani mwa asiye nazo. Tena lile swali la nani ameshika chuma.

Wasomi wana jina la jambo hili. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw alitumia mfano wa njia panda: ukisimama pale barabara mbili zinapokutana, gari linaweza kukugonga kutoka upande wowote, au kutoka pande zote mbili kwa pamoja. Moja ya kesi alizochambua iliamuliwa 1976. Wanawake weusi waliishtaki General Motors, kampuni ya magari ambayo haikuwa ikiwaajiri wanawake weusi kabla ya 1964, halafu ilipopunguza watu ikaanza na walioajiriwa mwisho. Mahakama ikasema kampuni ina wanawake, kwa hiyo haibagui wanawake. Wanawake hao walikuwa weupe. Na kuhusu rangi, wakaambiwa wajiunge na kesi nyingine ya weusi. Kuyashika madai yote mawili kwa pamoja hawakuruhusiwa. Mvulana wako, bila kujua, amerudia hukumu ile.

Na kwa haki, mwambie kwamba ubaguzi wa kijinsia haukutoka kwa wazungu tu. Kwenye maandamano makubwa ya Washington ya 1963 ya kudai haki za weusi hakuna mwanamke aliyepewa hotuba kuu, ingawa wanawake ndio waliokuwa uti wa mgongo wa harakati. Anna Arnold Hedgeman, mwanamke pekee kwenye kamati ya maandalizi, alilalamika mapema, na alichoambulia ni kidogo. Rosa Parks naye husimuliwa kama mshonaji aliyechoka akakataa kusimama kwenye basi mwaka 1955. Kumbe alikuwa katibu wa tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na mwaka 1944 ndiye aliyetumwa Abbeville, Alabama, kuchunguza kisa cha Recy Taylor, mama kijana aliyetekwa na kubakwa na kundi la wanaume weupe alipokuwa akirudi nyumbani kutoka kanisani. Hakuna aliyeshtakiwa. Bunge la Alabama liliomba radhi 2011. Tukimwona Parks kama mchovu wa miguu tu, miaka yote hiyo ya kuwapigania wanawake waliobakwa inafutika.

Utauliza kwa nini filamu za zamani hazikugusa kabisa mambo haya. Sababu moja iliandikwa. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali 1934, zilikataza kuonyesha uhusiano wa kimapenzi kati ya weusi na weupe. Sasa jaribu kutengeneza filamu ya shamba la watumwa bila kulitaja jambo hilo. Utabaki na mtumishi mnene, mzee, asiye na mume wala hamu, anayewapenda watoto wa bwana kuliko wake. Hattie McDaniel alimwigiza mtumishi wa aina hiyo katika Gone with the Wind, akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, Februari 29, 1940. Usiku huo aliketi kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake, kwa sababu hoteli haikupokea weusi na kuingia kwake tu kuliombewa ruhusa maalumu. Tukio hilo la meza linafundisha kuliko filamu yenyewe.

Kivuli cha mtumishi yule kiliishi muda mrefu. The Help ya 2011 inawaonyesha watumishi wa ndani wa Mississippi mwaka 1963, na chama cha wanahistoria wanawake weusi wa Marekani kilitoa taarifa kulalamika kwamba filamu haikugusa unyanyasaji wa kingono majumbani, hatari ambayo kila mfanyakazi wa ndani aliijua. Viola Davis, nyota wake, alisema 2018 kwamba anajuta kuicheza, kwa kuwa mwisho wa yote sauti iliyosikika haikuwa ya wale watumishi. Mimi ningeongeza kitu kikavu zaidi: sheria ya pensheni ya 1935 na ya kima cha chini cha mshahara ya 1938 ziliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani, kazi iliyojaa wanawake weusi. Bibi wa nyumba mwenye roho nzuri asingeweza kuliondoa hilo kwa kukumbatia mtu jikoni.

Usidhani lakini kwamba dawa ni kumwondoa mzungu kwenye picha. The Woman King ya 2022 inawapa wanawake wa Dahomey, ufalme wa zamani wa Afrika Magharibi, silaha zao wenyewe, na inapendeza kutazama, ila inawafanya wapinzani wa biashara ya utumwa wakati jeshi lao lilishiriki kuteka watu waliouzwa. Kumsifia mwanamke kupita kiasi nako ni njia ya kutomwangalia.

Basi, uache? Hapana. Kabla ya 2016 watu wangapi duniani walilijua jina la Katherine Johnson? Filamu ilifungua mlango, na kazi ya mwalimu ni kuwaingiza watoto ndani zaidi ya pale. Waambie waziwazi: "Nilikuwa sijui, sasa nimejua, hebu tukitazame tena kipande kile." Soma nao habari za Miriam Mann, kisha waulize kwa nini mwandishi wa skripti alimwacha. Huko si kuungama dhambi, ni somo lenyewe la historia. Hasara ya njia hii ni muda: filamu moja itakula vipindi vitatu, na wako watakaolalamika kwamba umewaharibia starehe.

Kuhusu 12 Years a Slave nitakuwa mkali kidogo. Nchini Marekani filamu ile imewekewa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 aitazame akiwa na mzazi au mlezi. Binti wa miaka 16 hakupaswa kukutana na tukio lile bila kuonywa na bila kupewa ruhusa ya kutoka. Mwongozaji, Steve McQueen, alilipiga kwa shoti moja ndefu isiyokatwa, makusudi, ili mtazamaji asipate pa kukimbilia. Kwa mtu mzima aliyejiandaa naitetea hatua hiyo. Lakini kuna mpaka mwembamba kati ya kushuhudia mateso na kuyatazama kama maonyesho. Sarah Baartman, Mkhoikhoi aliyepelekwa London 1810 na kuonyeshwa mwili wake kwa kiingilio, alifia Paris 1815, na hata mifupa yake ilionyeshwa makumbusho mpaka miaka ya 1970. Alizikwa kwao Afrika Kusini 2002. Filamu ya 2010 kuhusu maisha yake inaukodolea macho mwili huo kwa muda mrefu kiasi kwamba unajikuta umekaa kwenye kiti cha waliolipa kiingilio. Baadhi ya wakosoaji wanasema ndiyo shabaha. Mimi sikushawishika.

Unaweza kuonyesha vipande. Kwa Patsey, simamisha pale anaponyoosha mkono wenye sabuni na kueleza alikotoka. Hoja yote iko pale, na kiboko hakijainuliwa.

Sasa binti. Usimtake aeleze mbele ya wenzake, wala usimtumie salamu kupitia rafiki zake. Mtafute faraghani, mwambie kutoka kwake hakukuwa kosa na kwamba kosa lilikuwa lako kutomwonya. Kisha nyamaza, umpe nafasi. Huenda alichukizwa tu na damu, na hilo likaishia hapo. Huenda pia tukio lilimgusa kwenye jambo lililompata yeye au mtu wa nyumbani kwake, na hapo mwalimu wa historia hatoshi. Ukisikia kwamba halali, anaota ndoto za kutisha, amejitenga na marafiki au alama zake zimeporomoka ghafla, mpeleke aonane ana kwa ana na mshauri nasaha au daktari, usingoje muhula uishe. Akikudokeza kwamba kuna mtu anamdhuru, usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Mwambie utamsaidia, na siku hiyohiyo wafikishie wenye jukumu la kuwalinda watoto. Maswali ya kina waachie wao.

Na yule mvulana mpe kazi. Asome kurasa za Northup kuhusu Patsey, aorodheshe kila mtu aliyekuwa na mkono juu ya mwili wake: Epps, mkewe, hata Northup mwenyewe, aliyelazimishwa kushika kiboko na kumchapa kabla Epps hajampokea. Orodha hiyo ailete klabu aisome kwa sauti, kama wenzake wako tayari kuisikia.